Pikipiki, baridi ya Molo na ule uji mweupe chini ya kifuniko cha oili

"Mimi ni bodaboda karibu na Molo. Pikipiki yangu ni ya sisi (cc) 150, ya kabureta, haijafikisha miaka miwili. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni maziwa: saa 11 alfajiri nafunga mitungi miwili, napanda kilima mpaka kwenye kituo cha kupozea, kilomita moja na nusu hivi, nazima, nashusha, halafu narudi kukaa steji. Julai hii imekuwa taabu. Napiga kiki mpaka jasho linanitoka, na ikiwaka inazima nikirudisha choki. Mzee mmoja wa steji yetu, aliyeendesha malori miaka mingi, ananiambia niiache ingurume dakika 15 huku nikiipiga resi ili oili ipande. Kijana mwenzangu anasema hayo ni mambo ya zamani, washa uende. Juzi nilifungua kifuniko cha oili nikakuta uji mweupe umeshika chini yake. Fundi akasema gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili, niandae pesa afungue injini. Usiku pikipiki inalala sebuleni kwa sababu ya wezi, na huwa naiwashia humo humo nikiwa nimerudisha mlango, watoto wasipigwe na baridi. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, injini itangoja kidogo. Nianze na sebule, ambayo hukuniuliza.

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine; hiyo yenyewe huisikii. Ni sumu ileile ya jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, na habari za majiko hayo kila mtu wa huku juu anazijua. Injini baridi yenye choki huitoa kwa wingi kuliko injini iliyopata moto, kwa sababu petroli imezidi hewa na haiungui yote. Kwa hiyo zile dakika unazoiwashia ndani ndizo mbaya kuliko zote, na mlango umeurudisha. Mtu mzima aliye macho anaweza kusikia kichwa kikimgonga, akatoka nje. Mtoto aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kuanzia kesho isukume mpaka uani ikiwa imezimwa, uelekeze egzosi mbali na mlango, ndipo upige kiki. Na ikiwa kuna asubuhi mmoja wao anaamka kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu, anatapika au amelegea, mtoe nje penye hewa safi na umpeleke hospitalini mara moja. Ukifika, waambie kwamba pikipiki huwashwa ndani. Usipowaambia wanaweza kuanza kutafuta malaria.

Sasa tuje kwa injini. Umepewa majibu matatu na watu watatu, na kila mmoja ana sababu yake ya kusema alivyosema. Nianze na fundi, kwa kuwa yeye ndiye anayetaka kuingia mfukoni mwako.

Kukipambazuka, chuchumaa uitazame injini yako kwa upande. Utaona silinda imezungukwa na mapezi membamba ya alumini, yamepangwa kama kurasa za kitabu. Hayo ndiyo yanayoipoza. Upepo unapita katikati yake na kuondoka na joto. Tafuta rejeta, hutaiona. Tafuta mpira wa maji, haupo. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu, hizi Boxer na TVS na wenzake, hupozwa na upepo tu. Sasa hayo maji yanayovuja kupitia gasketi yatoke wapi? Simdharau fundi wako. Kwenye gari, uji kama huo ni dalili ya kweli ya gasketi iliyoungua, kwa kuwa njia ya maji na njia ya oili mle ndani hutenganishwa na gasketi hiyo hiyo. Huenda ufundi aliusomea kwenye magari. Gasketi ya pikipiki yako ikiungua itavujisha mgandamizo, au oili, lakini haiwezi kuvujisha maji ambayo hayamo.

Maji hayo yanatengenezwa na injini yenyewe. Najua inasikika kama kichekesho, lakini petroli ina haidrojeni ndani yake, na haidrojeni ikiungua hushikana na oksijeni ikawa maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita nzima. Mchana huyaoni, yanatoka kwenye egzosi yakiwa mvuke. Alfajiri unayaona: ule moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya muda ni hayo, na matone yanayodondoka kwenye ncha ya egzosi ni hayo hayo. Sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya kandokando ya ringi za pistoni, ikashuka kwenye oili. Pale chini ya kifuniko ni mahali pa baridi kuliko sehemu nyingine za ndani, basi mvuke ukifika hapo unageuka matone, kama yale unayoyakuta chini ya mfuniko wa sufuria. Matone yakakorogeka na oili, ndio uji wako.

Injini ikipata moto wa kweli, oili huutoa mvuke huo yenyewe. Lakini ni lazima oili ifike nyuzi 80 na zaidi, na ikae hapo kwa muda. Wewe unapanda kilomita moja na nusu, unazima. Hedi ukiigusa inakuunguza, kwa hiyo unadhani injini imepata moto, kumbe oili kule chini ndiyo kwanza vuguvugu. Oili inahitaji kilomita 5, pengine 10, kabla ya kupata joto. Unarudi steji, inapoa. Unabeba mama mmoja mpaka sokoni, inapoa tena. Siku nzima imewashwa mara ishirini na haijapata moto kamili hata mara moja. Ukiniuliza ni nini kinachoimaliza pikipiki yako, nitataja hizo safari fupi kabla ya kutaja baridi.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kumwambia fundi arudishe spana mfukoni. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiwa na uji kwenye kifuniko tu, na oili iliyoko kwenye kijiti ni ya rangi yake ya kawaida, hudhurungi au hata nyeusi, basi ni mvuke niliouelezea. Ikiwa oili yote imekuwa kama chai ya maziwa, maji ni mengi na yameingia kwa njia nyingine: huenda umevuka mto, au mtu ameiosha kwa mashine ya presha na kuelekeza maji kwenye mpira ambao injini hupumulia. Hapo usiiwashe tena. Mwaga oili, weka nyingine, na ikirudi kuwa chai, mpe fundi kazi.

Huyo mzee wa malori anasema kweli, ila ni kweli ya lori. Dereva wa lori hawezi kung'oa nanga kabla upepo wa breki haujajaa kwenye matangi, na ule mzigo wa chuma unahitaji muda wake. Pikipiki ikinguruma imesimama, joto inalotengeneza ni dogo mno kuifikia oili. Wakati huo huo choki inamwaga petroli ya ziada, nayo petroli mbichi inaosha ukuta wa silinda, inaondoa ule utando wa oili unaozilinda ringi, inashuka chini na kuilegeza oili yote. Dakika 15 za namna hiyo kila alfajiri zinakupa plagi nyeusi, maji zaidi na oili iliyochujuka. Zaidi ya hapo hupati kitu.

Na hilo la kupiga resi lingenifanya nimpokonye ufunguo. Oili haihitaji resi ili ipande. Pampu inaifikisha juu ndani ya sekunde chache, injini ikiwa inanguruma taratibu tu. Kinachotokea ukiipiga resi ni hiki. Pistoni ni ya alumini, na ukuta wa ndani wa silinda inamosugua ni wa chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa sababu hiyo kiwandani huiachia pistoni nafasi, na asubuhi nafasi hiyo ni kubwa kuliko mchana. Utasikia mlio kama kijiko kinachogonga kikombe, tik-tik-tik, halafu unafifia kadiri injini inavyopata joto. Mlio huo usikuogopeshe. Sasa zungusha mkono mpaka mwisho: moto unawaka juu ya kichwa cha pistoni, pistoni inatanuka ghafla, huku silinda iliyoizunguka bado imeshikwa na baridi ya usiku. Nafasi inakwisha, tena kwenye ukuta ulioshaoshwa na petroli. Nimefungua injini zenye michirizi ya wima kwenye pistoni, upande wa mbele na wa nyuma, kama mtu amepitisha msumari. Ukimwuliza mwenyewe anaiwashaje asubuhi, anakuonyesha kwa fahari kabisa jinsi anavyoinyonga.

Kijana mwenzako ndiye aliyekaribia. Injini hupata moto vizuri zaidi ikitembea, polepole, kuliko ikisimama. Alichosahau ni mitungi. Miwili ya lita 50 ikijaa ni zaidi ya kilo 100, na kilima kinakuanzia mlangoni. Kuiwasha na kuondoka nayo tupu kwenye tambarare ni jambo moja. Kuiondoa na mzigo huo kwenye mpando ikiwa haijatimiza hata dakika ni jambo lingine.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ikiwa uani, kwenye nyutro, ufunguo ukiwa umezimwa na choki imerudishwa, ningeikanyaga kiki taratibu mara tatu au nne, kuisogeza oili tu. Kisha choki yote, ufunguo, na kiki moja ya nguvu bila kugusa mkono wa petroli. Wengi huuzungusha mkono huku wakipiga kiki, na kwa kabureta nyingi hiyo inaipunguzia choki nguvu yake. Huenda ndiko jasho lako linakotokea. Ikishika, iache yenyewe sekunde 20 au 30, rudisha choki nusu, na ndipo ufunge mitungi, uvae kofia na glavu. Ukimaliza kufunga mpira wa mwisho, dakika moja na nusu au mbili zimepita, choki irudishe yote. Bana klachi uishikilie kidogo kabla ya kuingiza gia ya kwanza, kwa kuwa plati zake hushikana na oili nzito usiku na pikipiki inaweza kuruka. Kilomita mbili tatu za mwanzo usivuke nusu ya mkono. Wala usiilazimishe gia ya tatu kwenye mpando ikiwa inatetemeka. Rudi ya pili, iache izunguke kwa raha. Na kama kuna majirani walio upande wa tambarare ambao maziwa yao unayabeba pia, anza na wao, kilima kiwe cha mwisho.

Kuhusu choki kuna jambo la huku juu ambalo mtu wa Kisumu hahitaji kulijua. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na asubuhi ya Julai watu wanatembea na fulana. Rafiki yangu wa kule nina hakika hajui choki yake iko upande gani. Nakuru ni kama mita 1,850. Molo inakaribia 2,500, na alfajiri za mwezi huu joto hushuka chini ya nyuzi 10. Baridi inaifanya petroli igome kugeuka mvuke, kwa hiyo choki unaihitaji. Lakini hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu robo, na kabureta haina habari: inapima petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Mchanganyiko wako tayari una petroli nyingi kabla hujagusa choki. Ukiisahau wazi mpaka kituoni, Molo inakuadhibu upesi kuliko Kisumu.

Bado iko hiyo ya kuzima ukirudisha choki. Ikizima katika dakika ya kwanza, ni baridi, iongeze nusu dakika. Ikiwa umeshatembea kilomita mbili na bado haikubali kunguruma bila choki, usilaumu Julai. Choki hapo inaficha upungufu wa petroli mahali pengine. Mara nyingi ni ile jeti ndogo ya kabureta inayolisha injini ikiwa imesimama. Kitundu chake ni chembamba kama unywele na uchafu kidogo unakiziba, hasa kwa anayenunua petroli ya chupa. Pengine ni maji ndani ya kikombe cha kabureta. Kuna skrubu chini yake: funga petroli, weka kikopo, ilegeze, utazame. Maji hukaa chini, mviringo, yanateleza kama zebaki. Pengine ni mpira unaounganisha kabureta na hedi umepasuka na kunyonya hewa, au valvu zimekazwa kupita kiasi. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki yako. Fundi anayezipima kwa sikio injini ikiwa moto, mshukuru na uende kwa mwingine.

Chomoa na plagi uisome. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria ni petroli nyingi, na kwa mtu wa safari fupi sishangai. Nyeusi yenye mafuta mazito ni oili inayopanda kupitia ringi au valvu, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kuhusu oili, najua watakuambia 20W-50 ni nzito mno kwa Molo. Ile nambari yenye W ni kipimo cha baridi, na 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hatujafika huko. Oili ya 10W-30 au 10W-40 itakimbia upesi zaidi alfajiri, na kiki itakuwa nyepesi, lakini tumia iliyoandikwa kwenye kitabu chako kwanza. Kilicho muhimu zaidi ni kopo liwe na alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi yako inaoga kwenye oili hiyo hiyo, na oili nyingine za magari huifanya iteleze. Na kwa safari zako hizi, usisubiri kilomita za kitabu zifike. Badilisha mapema.

Maji moto ya kumwagia injini acha. Jiko chini ya tangi la petroli sihitaji kulisemea.

Nenda kwa fundi, na uende bila kungoja, ukiona kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka na kijiti kinanuka petroli. Hiyo ni kabureta inayovuja usiku kuingia kwenye injini, na kuiendesha hivyo ni kuisaga. Nenda pia moshi wa buluu ukiendelea hata injini ikiwa moto, mlio wa kugonga ukizidi kadiri inavyopata joto, au oili uliyomwaga iking'aa chembechembe za chuma ukiiweka juani. Mwombe afungue mbele yako.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, fanya hivi Jumapili. Futa ule uji kwa kitambaa, funga kifuniko, uiendeshe pikipiki upande wa Njoro nusu saa mfululizo bila kuzima, mwendo wa wastani, halafu urudi. Baada ya wiki moja fungua tena. Ukikuta utando kidogo tu, ile pesa ya gasketi inunulie oili, na ubaki na ya plagi.